Uji wa shule natoa mimi, sasa nadaiwa kama mtu aliyekopa

Shikamoo Mama,

Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa muda mrefu, leo zamu yangu imefika. Nina miaka 43, mke mmoja na watoto watatu. Nina mashine ya kukoboa na kusaga nafaka hapa Manzese, Dar es Salaam. Mahindi nafuata Kibaigwa, msimu mwingine Songea, yanaingia kwa Fuso. Kwa siku tunapokea magunia kama 60. Sina utajiri wa kutajwa, ila sikosi, na sijasahau nilikotoka. Shule ninayotaka kukuelezea ndiyo niliyosoma mimi. Enzi zetu ikifika saa nne unakunywa maji ya bomba, unarudi darasani.

Miaka kadhaa nyuma mwalimu mkuu alinifuata mashineni. Alisema watoto wa madarasa ya chini wanasinzia kabla ya mapumziko, wengine wanatoka nyumbani bila hata chai ya rangi. Hakuomba pesa, aliomba unga. Nikakubali palepale. Tangu hapo natoa kiroba cha kilo 25 cha dona kila siku ya shule, na watoto kama 400, wa awali hadi darasa la tatu, wanapata kikombe cha uji. Kilo moja ya dona, nikijumlisha mahindi, umeme na vibarua, inanigharimu kama shilingi 1,000. Wazazi wao walipangiwa sukari, kuni na posho ya mama anayepika. Nia yangu ilikuwa hiyo tu, kurudisha kidogo kwa mtaa ulionilea.

Ili nisiumie sana, mahindi ya shule nayatenga pembeni. Wateja wa sembe wanataka unga mweupe pe, kwa hiyo punje zilizobadilika rangi kidogo, au zilizolowa mvua njiani, nazichambua na kuzisagia dona la shule. Ni mahindi mazuri tu, usije ukadhani natoa uchafu.

Tatizo lilianza taratibu. Wazazi waliacha kuchanga, mmoja baada ya mwingine. Ukiuliza unaambiwa, "Si bosi yupo?" Nikajikuta nanunua kuni, kisha namlipa mpishi, kisha sukari. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika na bei kuruka, nilishindwa, nikaomba watoto wanywe uji wa chumvi kwa muda. Mama, nilitukanwa. Mzazi mmoja alinisimamisha kwenye foleni ya mwendokasi akaniuliza kama roho mbaya nimezaliwa nayo au imenianza baada ya kupata pesa. Mzazi huyo hajawahi kuleta hata ukuni mmoja.

Mwaka huohuo, kuelekea uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba, mgombea mmoja alipita nyumba kwa nyumba akisema yeye ndiye aliyewaletea watoto uji. Nikakaa kimya. Sasa kuna mwingine anataka nimchapishie viroba vyenye sura yake, anasema "tutakukumbuka".

Lililoniuma zaidi ni la juzi. Mwalimu mmoja, naamini kwa nia njema, alimpiga picha mtoto wa darasa la tatu akiwa ameinua kikombe, akaandika "Asante mfadhili wetu" na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Ikasambaa mtaa mzima. Wenzake wakaanza kumwita "mfadhiliwa". Mtoto akaacha uji. Anakuja na kikombe chake cha plastiki chekundu, anasimama kwenye mstari kwa sababu mwalimu anawapanga wote, akifika kwenye sufuria anakigeuza chini juu na kuondoka. Nimemwona kwa macho yangu siku nilipopeleka unga. Baba yake ni mmoja wa vijana wanne wanaonipakulia magunia. Alikuja kuniomba picha ifutwe, na hapohapo akaniletea ombi la wenzake, niwaongeze shilingi 200 kwa gunia wagawane. Nikamjibu biashara ngumu, na isitoshe mwanawe anakunywa uji wangu bure. Akanyamaza. Tangu siku hiyo ananisalimia akiangalia pembeni, na mimi sijui nimemkosea nini.

Nyumbani nako moto. Ada ya mtoto wetu wa pili imechelewa, na Januari nilikopa milioni 1.5 kwenye kikoba ili ninunue mahindi ya shule, maana bei ilikuwa imepanda na sikutaka kuwaangusha watoto. Mke wangu alipojua alihamia chumba cha watoto. Anasema nanunua jina mtaani kwa hela ya nyumba. Nilipomgusia mwenyekiti wa kamati ya shule habari ya kupunguza, akacheka, akaniambia, "Kutoa ni moyo, bosi."

Niache? Nikiacha, watoto watakaa na njaa kwa makosa ya wakubwa. Nikiendelea, biashara na ndoa vyote vinayumba. Nishauri, Mama.

Msagishaji, Manzese

JIBU

Marahaba mwanangu.

Wazazi, mkeo na wanasiasa watasubiri kidogo. Kuna jambo umelipitisha katikati ya barua kana kwamba ni la kawaida: punje zilizobadilika rangi na zilizolowa njiani unawasagia watoto. Hilo liishe leo. Unga wa aina hiyo ukiwa bado uko stoo ya shule, nenda ukautoe mwenyewe, upeleke mwingine.

Wewe ni mtu wa nafaka, sitakufundisha kazi. Lakini unajua kwamba mahindi yaliyolowa na kubadilika rangi ndiyo ya kwanza kushukiwa kuwa na sumukuvu. Ni sumu inayotokana na ukungu, huwezi kuiona wala kuionja, na kuchemsha uji hakuiondoi. Mwaka 2016 ilizuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 wakafariki, na chanzo kilichoshukiwa kilikuwa mahindi ya nyumbani. Kibaigwa unakopakia iko Dodoma. Sisemi mahindi ya huko ni mabaya, mimi mwenyewe nayala. Nasema mtu anayeyanunua huko kwa magunia ana sababu ya kuwa mkali kuliko wengine.

Na lipo la zaidi. Sumu hii hukaa kwa wingi kwenye ganda na kiini cha punje. Ukikoboa, sehemu kubwa inaondoka na pumba. Ukisaga dona, inabaki yote. Kwa hiyo umechukua punje zenye mashaka kuliko zote, ukazisaga kwa namna isiyoondoa kitu, ukawapa watu wenye miili midogo kuliko wote mtaani, tena kila siku. Ikiingia kidogo kidogo kwa muda mrefu inadhuru ini, na watafiti wanaihusisha na kudumaa kwa watoto. Najua hukukusudia. Ulifikiria rangi tu, kwa sababu mteja wako wa sembe anafikiria rangi tu.

Dona lenyewe halina kosa. Mahindi safi yakisagwa dona yana lishe kuliko sembe, na mwalimu mkuu alikuwa sahihi kulipokea. Sharti lake ni moja, mahindi ya shule yawe yaleyale unayowauzia wateja wako. Yanunue baada ya mavuno, Juni hadi Agosti, bei ikiwa chini, badala ya kukimbizana nayo Januari kwa hela ya kikoba. Yakauke hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, kisha uyatie kwenye mifuko isiyopitisha hewa, hii inayoitwa PICS. Kama huna kipima unyevu, tia punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu, tikisa vizuri, iache itulie. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado hayajakauka. Peleka sampuli Shirika la Viwango, TBS, angalau mara moja kwa msimu. Wakitaka kuongeza karanga kwenye uji, nazo zichambuliwe kwa jicho hilohilo, maana karanga na sumukuvu ni marafiki wa siku nyingi. Zile punje mbovu usimuuzie mfuga kuku. Zitupe.

Baada ya hapo nilichukua kalamu. Mwaka wa shule una siku 194. Kilo 25 kwa siku ni kilo 4,850, na kwa gharama uliyoitaja ni shilingi 4,850,000 kwa mwaka, unga mtupu, bila sukari wala kuni. Ukigawa kwa watoto 400, kila mmoja anakula unga wa shilingi 12,125 kwa mwaka. Gawa tena kwa siku 194, unapata shilingi 62 na ushei kwa siku.

Iangalie namba hiyo kwa pande zake zote mbili. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji iliyopangwa ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, sehemu yake inabaki serikalini kwa ajili ya vitabu, na inayofika shuleni ina kazi zake: chaki, karatasi, mitihani, bawaba ya mlango iliyong'oka. Unga wako peke yake unazidi ruzuku nzima ya mtoto. Kwa hiyo mwalimu mkuu aliyekuja mashineni hakuwa mvivu wa kutafuta, hakuwa na pa kutoa. Upande wa pili, andazi moja hapo Manzese linauzwa mara kadhaa ya hizo 62. Wazazi wengi wa hao watoto 400 wanaimudu. Si wote, na hao wasioimudu nitawafikia.

Kwa nini basi waliacha? Umewaita wakubwa wenye makosa, na yule wa kwenye mwendokasi anastahili jina hilo na jingine juu yake. (Sukari yenyewe ya 2024 iliwashinda hata wenye viwanda, mvua za El Niño zilipozuia miwa kuvunwa, sembuse wewe.) Lakini wengi hawakukaa wakapanga kukuonea. Unga mlikubaliana wewe na mwalimu mkuu, wawili, palepale mashineni. Wao wakapewa taarifa ya sukari na kuni. Hakuna kikao walichokaa wakasema uji huu ni wetu. Kuni zilipokosekana, ukaleta kuni. Mpishi alipodai, ukalipa. Kila pengo ulilolijaza kimyakimya liliandikwa kwako, na mtu hawezi kuchangia kitu anachokijua kuwa ni cha mwingine.

Ninachokushauri ni kubadilisha kile unachotoa. Acha kutoa unga, toa kusaga. Kamati ya shule ichangishe wazazi hiyo elfu kumi na mbili na kidogo kwa mwaka, kwa awamu kama wanataka, na mahindi yanunuliwe kupitia wewe kwa bei ya Kibaigwa bila faida yako hata shilingi. Wewe unasafirisha pamoja na mzigo wako, unasaga bure. Ukichukua gunia lako unafanya biashara, likija la shule unafanya sadaka, na yanapita kwenye kinu kilekile. Hiyo ndiyo zawadi ambayo hakuna mwingine mtaani anayeweza kuitoa, na haiwezi kukukimbia kama bei ya mahindi inavyokukimbia. Kama uko tayari kufunga kile kifaa kidogo cha kuongeza virutubishi kwenye mashine, chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12, watoto hawa wawe wa kwanza kunufaika.

Fedha za wazazi zisipite mkononi mwako wala mwa mwalimu. Hili lina historia yake. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku walimu kushika michango ya wanafunzi, kwa sababu watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa michango isiyoisha. Kwa hiyo iwe hiari, ipokewe na kamati kwa risiti, iingie akaunti ya shule, na Afisa Elimu Kata ajue kabla ya shilingi ya kwanza. Serikali ilitoa mwongozo wa chakula na lishe kwa shule mwaka 2021. Mwombe mwalimu mkuu aulete kwenye kikao cha wazazi, usomwe pale, ili kisionekane kikao cha bosi kukataa kutoa. Mwenyekiti akianza tena na "kutoa ni moyo", mpe karatasi yenye ile hesabu ya shilingi 62 na kalamu, aanze yeye kujiorodhesha.

Wasioimudu ni akina nani? Mwalimu wa darasa anawajua, na mjumbe anawajua. Yuko bibi anayelea wajukuu wanne, yuko mama anayefua nguo za watu, yuko baba aliyevunjika mguu kwenye bodaboda. Tuseme ni watoto 80. Hao wabebe wewe: 80 mara 12,125 ni shilingi 970,000 kwa mwaka. Iandike namba hiyo na isizidi. Orodha yao ibaki kwa mwalimu mkuu na mtu mmoja wa kamati, hata wewe usipewe majina. Chungu kimoja, mstari mmoja, na mtoto ambaye kwao hawajachanga asinyimwe kikombe wala kuulizwa neno.

Kuhusu nyumbani sitasema mengi, kwa sababu unalijua jibu. Ada kwanza. Kikoba ulipe. Mtu hakopi ili atoe, na hela ya kikoba ina wenyewe, wengi wao wanawake wanaouza vitumbua na kuweka akiba ya shilingi elfu elfu. Mkeo amesema unanunua jina, na neno hilo ni kali, sidhani kama ndilo lililokusukuma siku ya kwanza. Ila ulipokopa kwa siri ili usionekane umeshindwa, jina lilikuwa limeshaingia kwenye hesabu. Mwonyeshe karatasi hii ya namba kabla hujaipeleka kwenye kikao chochote. Akiipunguza, kubali.

Picha ifutwe, na jambo lisiishie kwenye kufuta tu. Mwambie mwalimu mkuu kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, na kupiga picha ya mtoto na kuirusha bila ridhaa ya mzazi kunaweza kuiletea shule matatizo. Atangaze kwenye kundi hilohilo kwamba watoto hawatapigwa picha wakila, bila kumtaja aliyepigwa. Neno "mfadhili" likome kwenye midomo ya walimu. Na kuna dawa nyingine ninayoipenda, ya bei ndogo: walimu wanywe uji uleule, kutoka sufuria ileile, wamesimama pale na watoto. Mtoto hamcheki mwenzake kwa kunywa kitu anachokunywa mwalimu wa hisabati. Huyo mtoto wetu wa kikombe chekundu usimwite mbele ya gwaride kumbembeleza, utammaliza kabisa. Mwache.

Mwanasiasa mjibu kwamba viroba vya shule havina maandishi, na akitaka kuchangia apeleke kuni kwa kamati, achukue risiti kama mzazi yeyote.

Sasa nije kwa baba yake. Umeniandikia kwamba hujui ulimkosea nini. Nimekusoma mara mbili nihakikishe ndivyo ulivyosema.

Kijana alikuja na mambo mawili. La kwanza, mwanawe amedhalilishwa. La pili, ujira. Ukayajibu yote kwa sentensi moja: mwanao anakunywa uji wangu bure. Pale ndipo uji ulipogeuka mshahara. Umemwambia kwamba kile unachokiita sadaka unakihesabu, na unakikata kwenye jasho lake. Tena ulimwambia wakati mwanawe hanywi tena huo uji, na wewe ulimwona kwa macho yako.

Hebu tufanye na hesabu yao. Magunia 60 mara shilingi 200 ni 12,000 kwa siku, kila mmoja wa wale wanne anapata nyongeza ya 3,000. Kwa siku 26 za mwezi ni 312,000, kwa mwaka 3,744,000. Sasa weka pembeni ile 4,850,000 ya unga. Nyongeza ya watu wanne wanaobeba biashara yako mgongoni, kwa maana halisi ya mgongo, ni ndogo kuliko unga unaowapa watu usiowajua majina. Ukiongeza ile 970,000 ya watoto 80, jumla ni 4,714,000. Bado uko chini ya unachotoa leo. Umeme wa kusaga bure utakula hiyo tofauti na kupita kidogo, lakini kuni, sukari na mpishi vitakuwa vimerudi kwa wenyewe.

Na tazama kinachotokea kwa kijana. Siku tano za nyongeza hiyo zinalipa uji wa mwanawe wa mwaka mzima, na chenji inabaki. Anaingia kwenye kikao cha wazazi kama mzazi aliyechanga. Mtoto wake anakunywa uji wa baba yake. Mpaka hapo hakuna wa kuitwa mfadhiliwa.

Mitaa yetu imejaa wafanyabiashara wema wa namna hii, na naandika kwa kuwapenda. Anagawa madaftari Januari, anafuturisha Ramadhani, anachinja mbuzi Krismasi kwenye kituo cha yatima, na dukani kwake kijana wa kaunta hajaongezwa tangu aajiriwe. Watoto maskini wa mtaa wana wazazi, na wazazi hao wanafanya kazi mahali fulani. Mara nyingi ni kwetu.

Vijana wanaokuja kila siku mwaka mzima usiendelee kuwaita vibarua kana kwamba wamepita njia. Nenda NSSF uulize taratibu za kuwaandikisha, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi pia, maana mashine yako ina mikanda na magunia ya kilo 100, na siku mmoja akipoteza vidole hutaweza kumlipa kwa uji. Wanunulie barakoa za vumbi la unga. Kama 200 yote haiwezekani kwa mkupuo, anza na 100 mwezi huu na uwaambie lini itafika 200, kwa tarehe.

Umeuliza kama uache. Usiache ghafla. Mwandikie mwalimu mkuu barua, nakala kwa kamati na Afisa Elimu Kata, kwamba unga, sasa wa mahindi safi, utaendelea kwa kiasi kilekile hadi mwisho wa muhula huu, na kuanzia muhula ujao utakuwa unasaga bure na kubeba watoto 80. Huo ni muda wa kutosha kwa kikao na kwa wazazi kujipanga. Wakigoma kabisa, basi endelea na awali na darasa la kwanza peke yao kwa kiwango kisichozidi ulichojiwekea, na usikitangaze kama adhabu.

Kikao kinaweza kusubiri hadi mwisho wa mwezi. Kesho alfajiri Fuso likiingia, mwite kijana pembeni kabla hajaanza kupakua, mwombe radhi kwa lile neno la uji, mpe jibu la ujira akawaambie wenzake. Saa mbili uwe umeshafika shuleni kuutoa ule unga.